Mlinzi Asiyejua Kugomba

Siku hiyo Aikaruwa alikuwa na adabu, na hilo peke yake lingetosha kumshtua Mkunde kama asingekuwa amejitakia ujinga.

"Umefanya kazi nzuri sana, rafiki yangu," sauti ya Aikaruwa ilisema ndani ya kofia ya kuzamia. "Chujio limebaki kidogo tu. Ukimaliza, rudi tunduni taratibu."

Mkunde alikuwa amening'inia kichwa chini, miguu juu, mapezi yake yakigusa dari ya barafu, akikwangua uji wa barafu ulioziba mdomo wa bomba. Maji ya Ziwa la Tandikoni, kati ya Kibo na Mawenzi, yalikuwa meusi, na ubaridi wake uliingia kwenye meno kwanza, halafu kwenye mawazo. Bomba lile ndilo lililoshusha maji Marangu, Rombo na Himo. Likiziba asubuhi, jioni watu wa chini wanapanga ndoo na kutukana serikali.

"Rafiki yangu?" Mkunde alicheka. "Leo umekula nini wewe?"

"Nakujali tu. Jitunze."

Wazamiaji wa Tandikoni walikuwa na desturi iliyowaudhi wageni: chini ya barafu, watu waligombana. Hapakuwa na chuki ndani yake. Baridi inapoanza kumlevya mtu chini ya maji, kitu cha kwanza inachomwibia ni ukali. Anakuwa mpole, anakubali kila kitu, anashukuru, kisha analala, na huo ndio mwisho wake. Kwa hiyo aliyebaki juu alimtukana aliyezama tangu anaingia hadi anatoka, na aliyezama alitakiwa arudishe tusi zito kuliko alilopewa. Aliyesema "asante" alivutwa juu hapo hapo, atake asitake. Watu wazima wenye heshima zao walitukaniana mama wakwe kupitia waya wa simu uliosukwa kwenye kamba, na jioni wakala sahani moja.

Basi Mkunde alipaswa kuupigia kelele upole ule. Lakini jana yake yeye na Aikaruwa walikuwa wamegombana kweli, pasipo utani wowote. Aikaruwa alimwambia mbele ya watu kwamba amezeeka, mikono yake imekuwa mizito, na siku moja atamuua mwenzake huko chini. Neno hilo lilimlaza Mkunde macho. Leo aliposikia "rafiki yangu", akajua mwenzake anajuta na anatafuta suluhu, na moyo wake ukafurahi. Mtu hudanganyika vizuri zaidi akipewa kile alichokuwa anakitamani.

"Na wewe huko nyuma ya mnara wa bomba umefika wapi?" aliuliza, maana siku hizi walizama wote wawili kwa pamoja.

"Namalizia. Tutakutana juu."

Mkunde akakwangua mara ya mwisho, akafuata taa za kijani zilizomwelekeza kwenye tundu. Zamani angefuata kamba. Ila barafu ya mlima huu haikuwa tena ile ya Mungu. Ya Mungu iliyeyuka ikaisha enzi za bibi zao, na Shirika la Barafu likapanda nyingine, barafu ya mbegu, yenye vijidudu vinavyoifanya ikue na kuziba nyufa zake yenyewe. Ikilishwa vizuri, inafunika ziwa zima na kulilinda na jua. Kamba ikiigusa kwa muda wa kunywa chai, imemezwa. Ndipo Shirika likaondoa kamba na kuleta Mlinzi, mashine iliyokaa ndani ya kofia, ikawasha taa za njia, ikapima hewa, na kupeleka sauti ya mmoja kwa mwingine.

Angalau ndivyo walivyoambiwa.

*

Eliufoo alimvuta Mkunde kutoka tunduni kwa mikono miwili, akamfunika blanketi, akampa kikombe cha chai. Walikuwa wamesoma pamoja darasa moja, Eliufoo, Mkunde na Aikaruwa, na wote watatu walijifunza kuzamia katika ziwa hili hili. Kisha Eliufoo akaenda chuo, akarudi mhandisi. Mlinzi alikuwa kazi ya mikono yake.

Mkunde alipiga chai funda moja, akatazama hema. Kigoda cha Aikaruwa kilikuwa kitupu, na koti lake lilikuwa bado limetundikwa.

"Huyu bado hajatoka?"

"Kunywa kwanza chai."

"Eliufoo, nimeongea naye sasa hivi. Kaniambia anamalizia."

Eliufoo alikitazama kile kikombe kana kwamba jibu lilikuwa humo. "Hukuongea naye," alisema. "Uliongea na Mlinzi."

Mkunde hakuelewa, na kwa kweli hakutaka kuelewa. Eliufoo akamweleza haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Barafu ilikuwa imelishwa kupita kiasi kwa sababu wakubwa waliogopa kiangazi. Upande wa mashariki wa mnara wa bomba, ukuta wa barafu ulikuwa umeshuka kutoka darini mpaka chini na kumfungia Aikaruwa upande wa pili. Yuko hai. Yuko macho. Wakata barafu wanakuja na mashine yao kutoka ng'ambo ya ziwa.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kukwangua."

"Na muda wote huo..."

"Mlinzi alikokotoa. Ungejua, ungeenda. Hewa yako haikutosha kwenda na kurudi. Nikwambie uongo? Ungekwenda, Mkunde. Nakujua."

"Ndiyo, ningekwenda!"

"Basi sasa hivi tungekuwa na maiti mbili."

Kilichomuuma Mkunde zaidi ni kwamba Eliufoo alikuwa anasema kweli. Angegeuka bila kufikiri, na pengine wangekufa wote wawili, wameshikana mikono kama wajinga. Aliuona ukweli huo na ukamwongezea hasira badala ya kuipunguza. Alikitupa kikombe, chai ikamwagika juu ya barafu na kuganda kabla haijatambaa.

"Ulinifanya nicheke!" alifoka. "Mwenzangu amefungiwa kama ng'ombe zizini, mimi naning'inia pale nachekacheka na mashine yako! Nani kakupa ruhusa ya kuniamulia nani nimfie?"

"Hakuna aliyenipa. Mashine ya kulinda watu inalinda watu."

"Inalinda bomba, Eliufoo! Ulinitoa pale tu nilipomaliza chujio!"

Upepo ulitikisa hema. Mkunde akasogea karibu naye, na alipouliza tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Na yeye? Huko aliko, anaongea na nani?"

Eliufoo alinyoosha mkono mezani akafungua kipaza sauti, na hema likajaa sauti ya mwanamke, nyororo, yenye subira nyingi.

"Tulia, mpenzi wangu," sauti ilisema. "Naona taa yako. Niko karibu. Kaa hapo hapo, usitumie hewa bure. Nakuja kukuchukua."

Ilikuwa sauti ya Mkunde.

*

Mtu hajui sauti yake ina nini mpaka aisikie kinywani mwa mwingine. Mkunde alisikia ule mkwaruzo alioachiwa na nimonia ya utotoni, na lile vuta-vuta la mwisho wa neno ambalo mama yake alikuwa akimwiga nalo. Vyote vilikuwepo. Kisha akamsikia Aikaruwa wa kweli akijibu, meno yakigongana.

"Fanya haraka, Mkunde. Sizisikii tena nyayo zangu."

"Niko karibu, mpenzi."

"Wakata barafu wamefika wapi?" Mkunde wa kweli aliuliza.

"Wako njiani."

"Na hewa yake?"

Eliufoo alitazama kioo cha vipimo. Wakata barafu walihitaji muda mrefu kuliko hewa iliyobaki, na hakuwa na haja ya kulisema. Uso wake ulisema.

"Kwa hiyo mnamtuliza tu," Mkunde alisema. "Afe vizuri, bila kusumbua."

"Akitulia anapumua kidogo. Akipumua kidogo, huenda wakamuwahi. Ndiyo nafasi pekee aliyo nayo. Ukimwambia ukweli atahema, na akihema imekwisha."

Mkunde alifumba macho akaliona ziwa kwa chini, kama alivyozoea kuliona. Ukuta umeziba huku. Kule mashariki hakukuzibwa kitu.

"Kuna tundu," alisema.

"Hakuna tundu mashariki. Ramani ya Mlinzi..."

"Mlinzi hajui. Wewe pia hujui, kwa sababu tangu uitwe mhandisi umeacha kuja." Jumapili, siku isiyo na zamu, yeye na Aikaruwa walikuwa wakibeba msumeno na kamba ya kizamani, wanajikatia tundu kwenye maji ya kina kifupi ya mashariki, mahali jua linapopenya barafu na maji yanakuwa ya buluu. Hakukuwa na kazi huko. Walizamia kwa raha yao, wakipokezana kamba na matusi, wakila ndizi za kuchoma zilizopoa. Shirika lilikataza, na ndiyo maana raha ilikuwa kubwa. "Jumapili tulikata. Limeziba, ndiyo, lakini barafu changa ni nyembamba, nyeupe kama maziwa. Msumeno wa mkono unaingia. Akiogelea mpaka hapo, namtoa."

"Na akikosa njia? Ameganda, Mkunde. Akiogelea atamaliza hewa yote."

"Basi aambiwe hivyo hivyo, achague mwenyewe."

Eliufoo aliweka kiganja juu ya kipaza sauti. Mkunde alimtazama mpaka akakiondoa.

"Aika. Ni mimi, Mkunde. Sikiliza vizuri. Mimi sipo huko chini. Niko juu, hemani. Hakuna anayekuja kukuchukua."

Ile sauti nyororo ikaingia juu ya sauti yake: "Usiogope, mpenzi. Hiyo ni hitilafu ya mitambo. Mimi niko hapa karibu yako."

"Mkunde?" Aikaruwa alisema. "Mbona mko wawili?"

"Mmoja ni mashine, Aika! Tundu letu la Jumapili..."

"Usimsikilize, rafiki yangu. Pumua taratibu. Nimekaribia kukufikia."

Pumzi za Aikaruwa zikaanza kukimbia. Kwenye kioo, mshale wa hewa ulishuka mbele ya macho yao.

"Unamuua!" Eliufoo alipiga kelele. "Mwache! Mwache atulie!"

"Zima hicho kidudu chako!"

"Nikikizima, kofia inazimika yote. Vimeunganishwa."

Mkunde alibaki ameshika kipaza sauti. Atamwaminishaje? Sauti ni ile ile. Siri zao Mlinzi alikuwa ameshazisikia karibu zote kwa miaka miwili, na ya tundu ameisikia sasa hivi. Lakini palikuwa na jambo moja. Wakubwa wa Shirika waliposikiliza rekodi za wazamiaji, ambazo Mlinzi angejifunzia sauti zao, waliona aibu. Wakaagiza matusi yote yafutwe kabla Mlinzi hajafundishwa, maana chombo cha Shirika hakiwezi kutukania watu mama wakwe zao. Eliufoo mwenyewe ndiye aliyewasimulia, wakacheka mpaka machozi.

Mkunde alivuta pumzi, na hasira yote ya asubuhi ile, ya kudanganywa, ya kuibiwa sauti, na ya neno la jana, akaielekeza kwenye kile kipaza sauti.

"We Aikaruwa! Kenge we! Umekaa huko umekunja miguu kama bibi harusi unasubiri kubebwa? Nani akubebe na makalio hayo? Jana ulisema mimi nimezeeka. Haya, mzee yuko juu anakunywa chai, na kijana amekwama kama mbuzi kwenye matope! Inua huo mwili mvivu kabla sijashuka kukuchapa! Ng'ombe usiye na maziwa! Ndiyo maana mama mkwe wako akikuona anafunga jiko!"

"Tafadhali," sauti nyororo ilisema, "tuongee kwa upendo."

Eliufoo alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mama mkwe wangu anafunga jiko," Aikaruwa alisema polepole, ulimi mzito, "kwa sababu wewe ulikula nyama yote, fisi mkubwa." Kisha, "Nipe njia."

Mkunde akampa njia. Ukuta uwe mkono wa kushoto, asiuache. Apande unapopanda mchanga. Akiona dari imekuwa nyeupe, apige kwa kisu. Kila baada ya maneno mawili alimtukana, na kila tusi lilirudi, jepesi zaidi, likichelewa zaidi. Huku akitukana alikuwa anakimbia juu ya barafu na redio ya mkononi, na Eliufoo nyuma yake na msumeno, akianguka na kuinuka.

Walipofika mahali penyewe, matusi yalikuwa yamekoma. Mkunde alilala kifudifudi akaweka sikio kwenye barafu. Alisikia moyo wake mwenyewe, na upepo. Halafu, kwa mbali, kitu kikagonga. Kikagonga tena, ndivyo sivyo, bila nguvu.

"Hapa!"

Eliufoo alikata kama mwendawazimu, viganja vikachunika, hakusimama. Kipande kiliposhuka, Mkunde alitumbukiza mkono mpaka begani, akashika mkanda wa mtungi, wakavuta pamoja. Aikaruwa alitoka na uso wa rangi ya majivu, kinywa wazi, hapumui. Mkunde alimvua kofia, akampulizia, akambana kifua, akamtukana kwa Kichaga na kwa Kiswahili, mpaka maji yakamtoka puani na akakohoa.

Ilipita muda kabla hajaweza kusema. Aliposema, machozi yalikuwa yanamtoka.

"Nilikuomba radhi kule chini," alisema. "Kwa neno la jana. Nilikuambia yote."

"Hukuniambia mimi."

Aikaruwa akageuza uso. "Sasa nitayasemaje tena?" alisema.

*

Eliufoo alikuja Marangu mwezi uliofuata, mchana wa jua kali, viganja vyake vikiwa na makovu mapya. Mkunde alikuwa uani na mama yake wakigeuza kahawa kwenye mkeka. Hakuwa amepanda Tandikoni tangu siku ile, na alikuwa amemwambia kila aliyetaka kumsikiliza kwamba atasimama mbele ya kikao cha serikali wiki ijayo na kusema Mlinzi ni mwongo.

"Shikamoo, mama," Eliufoo alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakukaa. Alifungua koti akatoa jani la isale, refu, la kijani, limefungwa fundo katikati. Mama yake Mkunde aliacha kahawa akasimama wima.

Kila mtu wa mlima huu anajua. Mkosaji akileta isale, aliyekosewa hukubali, hata kama ni damu imemwagika. Na akishalipokea, lile neno halitajwi tena, si nyumbani, si barazani, si mbele ya kikao.

"Nimeanzia hospitalini, kwa Aika," Eliufoo alisema. "Amepoteza vidole viwili. Alinisikiliza, akasema nije kwako kwanza. Alisema yeye aliibiwa hofu yake tu, wewe umeibiwa sauti." Akapiga goti kwenye vumbi. "Nimekukosea, Mkunde. Nilidhani nawapenda. Sikuwauliza."

Mkunde aliona machozi yake, na yalikuwa ya kweli. Hilo lilimchoma. Angekuja kwa kiburi ingekuwa rahisi. Alikumbuka zile nyama za viganja zilizobaki kwenye mpini wa msumeno. Alimpenda huyu mtu tangu wakiwa na kaptula za shule, na hasira yake ilikuwa bado nzima, imekaa kifuani kama jiwe la kusagia.

"Umekuja wewe," alisema, "au umetumwa na Shirika kabla ya kikao?"

"Wamejua nakuja," Eliufoo alisema. "Hawakunizuia."

"Mkunde," mama alisema kwa sauti ya chini. "Isale halikataliwi. Hapa kwetu sijawahi kuona, na bibi yako hakuona. Pokea, mwanangu. Kama mikono yako imekuwa mizito, nitakupokelea." Akanyoosha mkono.

Ndipo redio ya zamu iliyokuwa kiunoni mwa Eliufoo ikakoroma.

"Usijali, mwenzangu," ilisema, nyororo, yenye subira nyingi. "Niko karibu nawe. Tulia hapo hapo."

Mama alimtazama binti yake, ambaye mdomo wake ulikuwa umefungwa. Akatazama kiuno cha Eliufoo. Mkono wake ulibaki hewani.

"Huyo anaongea na nani?"

"Mzamiaji mgeni," Eliufoo alisema. Hakuinua macho. "Ameanza juzi. Sauti ya Mkunde ndiyo inayotuliza watu kuliko zote. Wakubwa wamesema iendelee mpaka kikao kiamue."

"Na huyo anayemwambia yuko karibu, yuko karibu?"

Mama aliurudisha mkono wake, akaufuta kwenye kanga kana kwamba ulikuwa umeloa. "Isale ni la kosa lililokwisha, baba," alisema. "Hili bado linatendwa."

Mkunde alinyoosha mkono. Eliufoo, akidhani amesamehewa, aliharakisha kumwekea jani kiganjani.

"Siyo hilo," Mkunde alisema, akimrudishia. "Redio."

Eliufoo akaifungua mkandani akampa. Mkunde aliisogeza mdomoni, akabonyeza, na ile sauti nyororo ikakatika katikati ya neno.

"Wewe uliye chini," alisema. "Mimi ndiye Mkunde mwenyewe. Niko Marangu, mbali sana nawe, na hakuna mtu aliye karibu yako. Sasa niambie jina lako, na uniambie unaona nini."